Majibu ya Baba

Kila Jumamosi asubuhi Dorika alimsindikiza bibi yake dukani kwa Selemani, pale barabarani Iguguno, na kazi yake haikuwa kubeba kikapu. Kazi yake ilikuwa kusema. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya shikamoo na marahaba, na kati ya hizo mbili aliipenda zaidi marahaba. Selemani naye, aliyekuja kufanya biashara kutoka Singida mjini, hakujua Kinyiramba hata cha kuombea maji ya kunywa. Basi Dorika alisimama katikati yao, mbele ya magunia ya karanga, akichukua maneno huku na kuyapeleka kule.

Lakini si kwamba maneno yalifika kama yalivyotoka. Siku moja bibi alikishika kitambaa cha kaniki alichotandaziwa, akakinusa, akasema kwa Kinyiramba kwamba mwenye duka ni mwizi na kitambaa chake hakifai hata kufungia kidonda cha punda. Dorika alimgeukia Selemani kwa adabu zote. "Bibi anasema kitambaa ni kizuri, ila anaomba umwonyeshe kingine kizito kidogo." Selemani akatabasamu, akashusha kitambaa kingine, na bibi akarudi nyumbani ameridhika kabisa, akisema kwamba kumbe yule mtu ukimtukana vizuri anasikia.

Habari hiyo ilichekwa nyumbani mpaka mbavu zikauma. Aliyecheka kuliko wote alikuwa baba yake, Manase. "Huyu mtoto anajua kunyoosha maneno ya wakubwa," alisema, na Dorika akajisikia mkubwa kuliko miaka yake kumi na miwili. Kwao ndivyo ilivyokuwa. Mtoto anayetumwa kumsemea mzee hamwagi kosa la mzee hadharani. Mzee akikosea jina la mtu, mtoto analitengeneza kimyakimya. Akisahau alilotaka kusema, mtoto anamsogezea. Hiyo iliitwa heshima, na Dorika aliijua vizuri kuliko alivyojua hesabu za darasa la nne.

Manase alikuwa mkulima na mrina asali. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miti mingi huko porini. Mwisho wa kiangazi, alipokuwa akipandisha mzinga mpya, kamba ilikatika, akaanguka na kupiga kichwa chini, upande wa kulia, juu kidogo ya sikio. Alizimia kwa muda mfupi, akaamka, akajicheka, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Ilitokea nundu, ikakandwa kwa maji ya moto, ikaisha. Watu wakasahau.

Mvua zilipoanza kunyesha, mambo ya ajabu yakaanza.

La kwanza lilitokea kwenye chakula. Mama yake Dorika, Selina, alimtengea mumewe ugali wa uwele na mlenda. Manase akala. Alipomaliza, ugali ulikuwa umeliwa upande mmoja tu, ule wa kulia, na nusu ya kushoto imebaki pale pale haijaguswa.

"Selina," alisema, "siku hizi unanipimia chakula kama mgeni wa njiani?"

Mama akaitazama sahani, akamtazama mumewe. "Si huo hapo umeuacha?"

"Uko wapi?"

Mama alidhani anataniwa. Akainua sahani aiondoe, na alipoigeuza, Manase akauona ule ugali uliobaki. "Ala, kumbe ulikuwa umeuficha," akasema, akaula wote.

Mama hakucheka. Kwa watu wa pale, mwanamume akiacha chakula cha mkewe namna ile huwa anamwambia jambo, tena jambo baya. Aliosha vyombo, macho yamemwiva. Dorika alikaa karibu naye, asijue aulize nini wala amwulize nani.

Baada ya hapo hapakupita siku bila jipya. Manase alikwenda kupalilia akarudi, na tuta moja baada ya jingine lilikuwa limepaliliwa upande mmoja, upande wa pili magugu yamesimama yanapunga upepo. Alivaa katambuga moja mguu wa kulia, akatoka nayo mpaka kanisani; alipoambiwa kwamba mguu wa kushoto uko peku, aliwaka hasira na kusema amevaa zote mbili. Wazee waliomsalimu wakiwa kushoto kwake hawakujibiwa, wakaondoka wanasonya. Alianza kumwita Dorika kwa jina la shangazi aliyekufa zamani. Na Kiswahili chake, ambacho alikizungumza vizuri na kila mtu, kilipotea hivi hivi. Ukimsemesha kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kinyiramba. Kila asubuhi kichwa kilimwuma, na mchana alisinzia hata akiwa katikati ya maneno.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bibi alisema nyuki wamemkasirikia mwanawe. Majirani walisema ni pombe, ingawa Manase hakuwa mnywaji. Isaka, baba mdogo wa Dorika, alisema kaka yake amechoka tu, apumzishwe. Dorika aliwasikiliza wote, na kila aliposikiliza alizidi kuchanganyikiwa. Kama ni pombe, mbona hanuki? Kama ni nyuki, kwa nini wamchukulie upande mmoja wa sahani? Na kama ni uchovu, uchovu gani unaomfanya mtu asahau jina la mwanawe wa kumzaa? Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe hakujua aielekeze wapi.

Kisha siku moja Manase alitoka kisimani, akapita mlango wa nyumba yake mwenyewe, iliyokuwa kushoto mwa njia, akaendelea kwenda. Isaka alimkuta mbali, amesimama, anauliza nani ameihamisha nyumba. Siku hiyo Selina akasema basi, imetosha, aende hospitali ya misheni.

Mama hakuweza kusafiri kwa sababu alikuwa ananyonyesha. Ikaamuliwa Isaka ampeleke na Dorika aende nao. Asubuhi ya safari, mama alimfunga binti yake kitambaa kichwani, akamshika mabega. "Wewe ndiye utakayemsemea baba yako. Usikubali aaibike mbele ya wageni."

"Sawa, mama," alisema Dorika. Na kweli, alidhamiria.

Walipanda lori lililobeba ngozi za ng'ombe, wakafika hospitali wananuka vibaya hata mbwa wa pale akawafuata kwa matumaini. Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, nywele zina mvi. Watu walimwita Mama Daktari. Kiswahili chake alikuwa amekijifunza katika Biblia, kwa hiyo kilikuwa safi na kizito kama cha mahubiri. Kinyiramba hakukijua. Siku zote alisaidiwa na msaidizi wake, Urbano, lakini wiki ile Urbano alikuwa vijijini anachanja watoto.

"Basi binti atatafsiri," alisema Mama Daktari, Isaka alipomsogeza Dorika mbele, maana kumsemea mzee ni kazi ya mtoto. Akamsikiliza Isaka akieleza habari za kuanguka mtini na mambo ya ajabu yaliyofuata, ingawa Isaka, kwa kumstahi kaka yake, aliyaeleza nusunusu. Akamgonga Manase magoti kwa kinyundo, akamwangalia macho kwa tochi, akambonyeza mikono. Halafu akavuta kiti. "Sasa nitamwuliza maswali na kumpa kazi ndogondogo. Nataka kujua kichwa chake kinafanyaje kazi."

Dorika alisimama kulia kwa baba yake. Alijua maswali. Shuleni kwao, chini ya picha ya Malkia, mwalimu aliuliza maswali, na aliyekosa aliinuka mbele ya wenzake akasimama mpaka kipindi kiishe. Akamwona baba yake mawazoni amesimama hivyo, mtu mzima, mbele ya mgeni. Hapana, alijisemea, haitakuwa hivyo nikiwapo mimi.

"Mwambie nitataja vitu vitatu, avikumbuke: jembe, mvua, chungu. Nitamwuliza tena baadaye."

Dorika akatafsiri. Manase akaitikia kwa kichwa.

"Sasa ni msimu gani?"

Manase alifikiri. Akajibu kwa Kinyiramba kwamba ni wakati wa mavuno. Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Anasema ni masika, tunapalilia," alisema Dorika.

"Vizuri. Ana watoto wangapi?"

Manase akataja wawili. Walikuwa wanne.

"Wanne," alisema Dorika.

Isaka, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alikohoa kidogo, akatazama dari.

Mama Daktari akatawanya punje za mahindi kwenye sinia, akasema Manase aziokote zote, asiache hata moja. Manase akaanza kuokota, taratibu, kwa makini kabisa. Aliokota za kulia, akaokota za katikati, akaacha. Upande wa kushoto punje zilibaki zimejaa. "Zimekwisha," alisema kwa Kinyiramba. Wakati huo huo muuguzi alimwita daktari mlangoni. Dorika hakungoja. Alizizoa punje zilizobaki, akazitia kiganjani mwa baba yake, akakifunga kiganja. Daktari aliporudi alikuta sinia tupu.

Akampa Manase karatasi na penseli achore nyumba yake. Manase akachora: nusu ya paa, ukuta mmoja, mlango mmoja uliobanwa pembeni. Upande wa kushoto wa nyumba haukuwapo.

Mama Daktari aliinamia ile karatasi akakunja uso. "Upande huu uko wapi?"

Dorika akaitazama karatasi. "Ulibomoka, Mama Daktari. Mvua iliubomoa ukuta wa upande huo. Hatujaujenga."

"Pole sana," alisema daktari kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimchoma Dorika kidogo, lakini akaivumilia.

Mwishowe daktari akauliza vile vitu vitatu. Manase akasema kitu kimoja, ng'ombe, ambacho hakikuwamo kabisa.

"Jembe, mvua na chungu," alisema Dorika.

Mama Daktari aliuinua tena mkono wa kushoto wa Manase. "Sielewi," alisema. "Mkono wake wa kushoto umelegea kidogo, naye anasinzia. Nilitegemea kukuta makosa. Lakini akili yake inajibu vizuri kuliko yangu." Akasema kwamba basi huenda ni kichwa kuuma tu baada ya kuanguka. Akatoa vidonge, akasema walale pale siku hiyo, kesho warudi nyumbani, na warudi tena mvua zikipungua. Yeye mwenyewe asubuhi alikuwa anaondoka kwenda kutibu watu wa vijiji vya mbali.

Dorika alitoka pale anatembea juu juu kwa furaha. Baba hakuaibika. Baba alikuwa amepata yote. "Umefanya kazi," Isaka alimnong'oneza, na Dorika akaona kwamba sasa kila kitu kitakuwa sawa, maana daktari amesema baba ni mzima.

Alasiri mvua ilikatika. Walikwenda kwenye banda la kupikia, mahali wauguzaji walipowapikia wagonjwa wao. Dorika alibandika maji ya ugali, Manase akaketi kando ya mafiga. Dorika alikuwa anachekecha unga alipohisi harufu. Ilikuwa harufu ya ngozi inayoungua.

Akageuka. Mkono wa kushoto wa baba yake ulikuwa umelalia sufuria ya moto. Ulilala pale kama mkono wa mtu mwingine. Manase mwenyewe alikuwa anatazama kulia, anawaangalia kuku waliokuwa wakidonoa chini, uso umetulia kabisa.

Dorika aliuvuta ule mkono kwa nguvu zake zote. Kiganja kilikuwa kimebabuka. "Baba, umeungua," alisema.

"Nani?" aliuliza Manase.

Daktari alisema huyu ni mzima. Lakini mtu mzima haungui asijue. Basi daktari amekosea? Lakini daktari yule amesoma, ana vyombo, ana tochi. Angekosea vipi? Akakaa chini, unga umemwagika miguuni, akayarudia yale maswali moja baada ya jingine, na jibu la kila swali lilikuwa na sauti ile ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mama Daktari hakumpima baba. Alimpima Dorika, akamkuta Dorika ni mzima.

"Baba mdogo," alimwambia Isaka, "lazima nikamwambie daktari."

Isaka alikuwa anamfunga kaka yake mkono kwa kitambaa chenye maji. "Umwambie nini? Kwamba tumemdanganya? Atatufukuza. Na kesho habari zitafika Iguguno kwamba Manase hajui hata watoto wake ni wangapi. Utamvua nguo baba yako mbele za watu."

"Lakini hajui kweli."

Isaka akakaza fundo la kitambaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa huona kimya ni dawa.

Dorika aliondoka. Njia ya kwenda nyumbani kwa Mama Daktari haikuwa ndefu. Alimkuta daktari nje, anapakia masanduku ya dawa kwenye gari kwa ajili ya safari.

"Shikamoo, Mama Daktari."

"Marahaba. Kuna nini, binti?"

Dorika alikuwa amepanga maneno mazuri njiani. Yote yakamtoroka. "Majibu yale hayakuwa ya baba," alisema. "Yalikuwa yangu. Mahindi aliacha, nikayaokota mimi. Nyumba yetu haijabomoka. Na sasa ameungua mkono na hajui." Kisha akalia kwa kwikwi.

Mama Daktari aliweka chini sanduku alilokuwa ameshika. Uso wake ulikuwa mwekundu. Dorika alingoja kupigwa au kufukuzwa, akaona vyote viwili ni haki yake. Lakini daktari alimwuliza swali moja tu. "Mahindi aliyoyaacha yalikuwa upande gani?"

"Kushoto."

"Na upande wa nyumba ambao hakuuchora?"

"Kushoto. Hata ugali anaacha wa kushoto. Hata kiatu." Dorika aliposikia maneno yake mwenyewe yakifuatana vile, alishangaa. Alikuwa ameyaona yote hayo nyumbani, kila moja peke yake, na hakuwahi kuyaweka pamoja.

Mama Daktari alikuwa tayari anatembea kwa haraka kuelekea wodini. "Njoo. Tunaanza upya. Na safari hii unaniletea kila neno kama lilivyo. Likiwa la kipumbavu, lilete. Likiwa tusi, lilete."

Wakaanza upya. Hakuna kazi iliyowahi kuwa ngumu kwa Dorika kama ile. "Anasema ni wakati wa mavuno," alisema, macho chini. "Anasema ana watoto wawili." Kila jibu lilimtoka kama mwiba. Safari hii hakugusa sinia. Punje zilibaki upande wa kushoto, nyeupe, za kutosha, na Manase akasema zimekwisha. Daktari akampa fimbo aishike katikati, naye akaishika karibu na ncha ya kulia. Kisha Manase alimwangalia daktari kwa makini, akasema jambo kwa Kinyiramba.

Dorika akasita.

"Amesema nini?"

"Amesema... anauliza huyu mama mwenye pua ndefu ataondoka lini ili yeye alale."

Mama Daktari alicheka, na Dorika naye, machozi yakiwa bado mashavuni, akacheka kidogo. Hata Isaka, aliyekuwa amesimama mlangoni amejikunyata, alijikuta anatabasamu.

Kisha daktari akawaketisha Isaka na Dorika. Alichukua punje moja ya mahindi, akaizungusha vidoleni huku akiongea. "Mimi siwezi kuona ndani ya mfupa wa kichwa. Picha za mashine huonyesha mfupa, ubongo hazinionyeshi. Ndiyo maana ninauliza maswali na kutoa kazi hizi. Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaoangalia mambo ya kushoto. Huyu macho yake ni mazima, mkono wake unasikia, lakini ubongo wake umesahau kwamba kuna kitu kinaitwa kushoto. Naye alianguka akapiga upande gani?"

"Kulia," alisema Isaka, taratibu.

"Naam. Nadhani siku ile mshipa mdogo ulipasuka ndani, damu ikavuja kidogo kidogo, na sasa inaukandamiza ubongo. Ndiyo maana anasinzia. Ikiachwa, atasinzia asiamke. Nataka kutoboa tundu dogo kwenye mfupa niitoe."

Isaka alishika kichwa chake mwenyewe. "Kutoboa kichwa cha kaka yangu? Una uhakika?"

"Uhakika wote sina," alisema daktari. "Nina makosa yake tu. Lakini yote yanasema jambo moja."

Isaka alimtazama Dorika. Kwa mara ya kwanza, mtu mzima alikuwa anamwuliza yeye kwa macho. "Ni kweli yote yalikuwa kushoto?"

"Yote, baba mdogo. Hili nimelisema kama lilivyo."

"Basi fanya," Isaka akamwambia daktari.

Masanduku yakashushwa kutoka kwenye gari. Manase akanyolewa nywele, akapelekwa chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa. Dorika na Isaka walikaa nje kwenye baraza. Dorika alijaribu kusali, akapotea katikati ya maneno, akaanza tena, akapotea tena. Alijiuliza kama alikuwa amechelewa. Alijiuliza kama ule muda wote wa kufurahi mchana ndio uliokuwa umeukula uhai wa baba yake.

Mama Daktari alipotoka, aproni yake ilikuwa na madoa na macho yake yamechoka. "Damu ilikuwapo," alisema. "Nyeusi kama asali iliyokaa miaka. Imetoka nyingi. Sasa tungoje."

Wakangoja. Kesho yake Manase alifumbua macho, akayafumba. Keshokutwa yake aliomba uji kwa Kiswahili, na muuguzi akashangaa Dorika analia kwa sababu ya uji. Baadaye aliinua mkono wake wa kushoto uliofungwa bendeji, akaugeuzageuza mbele ya uso wake, akauliza kwa hasira kabisa, "Nani ameniunguza mkono huu?"

Isaka alitoka nje haraka. Alisema anakwenda kutafuta maji, lakini Dorika alimwona nyuma ya wodi anafuta macho kwa kofia.

Nguvu zilirudi siku baada ya siku. Asubuhi ya kuruhusiwa kurudi Iguguno, Mama Daktari alikuja na sinia yake na maswali yake. Hakukuwa na haja ya mkalimani tena. Manase aliokota punje zote, kulia na kushoto. Alichora nyumba yenye kuta zote. Alitaja watoto wanne kwa majina na kwa mpangilio. Dorika alisimama kando, mikono ameifunga nyuma, kana kwamba mikono yenyewe ingeweza kufanya jambo bila kumwuliza.

"Leo ni siku gani?" aliuliza daktari.

Manase alifikiri. "Jumanne."

Ilikuwa Alhamisi. Dorika aliuma midomo. Kumwambia baba yake usoni, mbele ya baba mdogo, mbele ya mgeni, kwamba amekosa. Jambo hilo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Manase aliona uso wake.

"Dorika. Nimekosa?"

"Umekosa, baba," alisema. "Leo ni Alhamisi."

"Wagonjwa wengi hupoteza siku wakilala hapa," alisema Mama Daktari. "Hiyo hainitishi. Amepona." Akakusanya vitu vyake, akawaacha.

Manase alimwita binti yake aketi kitandani. Isaka alikuwa amekwisha kumsimulia yote, ya sinia na ya ukuta uliobomoka. Dorika aliinamisha kichwa akingoja.

"Nilikusifu sana kwa kunyoosha maneno ya wakubwa," alisema Manase. "Na dukani ni sawa, pale tunanunua kitambaa. Lakini ukimficha mgonjwa makosa yake, umeuficha ugonjwa wenyewe. Siku ile ulimtunga mtu mwingine, mtu mwenye majibu mazuri, ukampa daktari amtibu huyo. Hukufanya kwa ubaya. Ulifanya kwa kunipenda, nami nimeelewa. Lakini kama usingerudi kusema kweli, yule mtu wako angepanda lori kwenda nyumbani, mzima kabisa, na mimi mngenizika."

Dorika alishindwa kujizuia, akalia. Baba yake alimwekea begani ule mkono wa kushoto wenye bendeji, akauacha hapo.

"Nimesikia, baba," alisema.